Kiti Kilichofika Nyumbani Kabla Hakijakunjwa

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu hata nikiwa kwenye foleni ya maji, na watu wanageuka kunitazama. Ni siku ambayo kiti changu cha kwanza kiling'ang'ania mashine mjini Mbarara kikakataa kutoka, na jioni hiyohiyo watu wakajaa mlangoni kwa tantine wangu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wakitaka kukikalia. Usinikatize. Kaa vizuri nikueleze, maana nyinyi vijana mnapenda kusikia mwisho kabla ya mwanzo.

Na usitabasamu nikijiita mzee. Mvi zimeniwahi, na macho nimeyamalizia kwenye kioo cha kompyuta. Wakati ninaokusimulia nilikuwa binti mwepesi, mdomo mwingi, nimejifunza kuchora kwa kompyuta kwenye kituo cha vijana hapahapa kambini. Wenzangu walichagua ushonaji, wengine mikate. Mimi nilichagua samani za bati lililokunjwa, na nilipenda kazi hiyo hadi wenzangu wakachoka kunisikiliza. Hebu fikiria: bati limelala sakafuni, legelege, ukilishika pembe linayumba na kupiga kelele. Unalikunja mara moja tu, linasimama. Unalikunja tena, linabeba mtu mzima! Hakuna mguu uliounganishwa, hakuna msumari, ni karatasi moja ya chuma iliyogeuka kiti. Mpaka leo jambo hilo linanisisimua, na siku likiacha kunisisimua mjue nimekufa.

Sasa, Tantine Zawadi ni dada ya baba yangu, na ndiye aliyenilea. Alinishika mkono kutoka Kivu Kusini mpaka tulipopewa kiwanja chetu hapa. Kanisani ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya. Bila yeye kutoa sauti ya kwanza wengine walikuwa wanatazamana tu. Kisha nyonga zikaanza kumtesa. Mabenchi ya kanisa letu ni mbao tupu, hayana mgongo, tena yako chini sana. Akikaa, haamki mpaka wanawake wawili wamshike makwapa. Jumapili moja walikuwa bado wanahangaika naye wakati wimbo ulipaswa kuanza, na watoto wa mbele wakacheka. Jumapili iliyofuata akasema ana mafua. Mafua hayo yakaendelea mwezi baada ya mwezi, na sote tukajifanya tunayaamini.

Nikaamua kumchorea kiti. Nilitaka kiwe cha juu kidogo ili asizame, kiwe na mgongo wa kuegemea, na mikono ya kusukumia ili aweze kuinuka mwenyewe bila kumwomba mtu. Nilichora, nikafuta, nikachora. Mchoro ulipokamilika nikaurenda, kama tunavyosema sisi wa kazi hii: unaiambia kompyuta jua linatoka wapi, chuma kina rangi gani na kiti kimewekwa mahali gani, halafu unaiacha ihesabu mwanga na kivuli mpaka mchoro ufanane na picha iliyopigwa kwa kamera. Mimi nilikuwa nimepiga picha ya mlango wa Tantine, ule wa buluu, na beseni lake pembeni. Kiti nikakiweka hapo kando ya mlango, na juu ya mkono wake nikatandika kitenge chake cha njano.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, feni yake inalia muda wote. Picha ilianza na chengachenga tupu, ikawa inasafika kidogo kidogo, kwanza mlango, kisha mgongo wa kiti, kisha mikunjo yote inang'aa. Nilipoona kivuli cha kiti kimelala kwenye udongo wetu wenyewe niliruka nikajigonga goti mezani. Kilikuwepo! Mwanangu, kilikuwepo kabisa, ila tu hakikuwepo.

Na sikumwonyesha mtu. Wewe umekulia hapa, unaijua tabia yetu. Mtu akiitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, jirani hajui. Familia inagawa masufuria kimyakimya, asubuhi unakuta mlango umefungwa na wenyewe wako angani. Tunaamini jambo likitajwa kabla halijatimia litakwama, na kila mmoja wetu ana habari ya fulani aliyelitaja kwenye foleni ya maji na faili lake likalala mpaka leo. Basi tabia hiyo ikatoka kwenye mahojiano ikaingia katika kila kitu. Watu wanaficha mimba, wanaficha posa, wanaficha mpaka mbegu za nyanya. Mimi nikaficha kiti. Tantine alikuwa anapita nyuma yangu kwa fimbo yake, mimi nafunika kompyuta kwa khanga.

Nikaenda Mbarara, kule Kakiika, kwa fundi mmoja wa milango na mageti aitwaye Hajji Twaha. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, sauti yake unaisikia kabla hujaona karakana. Mkewe, Hajjati Mariamu, alikuwa akileta vitenge katika soko letu, na ndiye aliyenielekeza kwa mumewe. Hajji alikuwa na mashine kubwa ya kukunjia bati, na kipande kizuri kilichobaki kwenye kazi ya geti, akakubali nikitumie. Nikampa karatasi yenye umbo lililonyooshwa na mistari ya mikunjo. Ile picha nzuri nikaiacha ndani ya simu, na simu ndani ya mkoba.

Hajji akaigeuza karatasi juu chini. "Nyabo," akaniita, yaani bibie kwa lugha ya kwao, "hii ni kitu gani?"

"Ni kazi tu, Hajji. Nikunjie kwenye mistari."

"Ni mlango?"

"Hapana."

"Ni nyumba ya kuku?"

"Hajji, kunja tu."

"Kale, nyabo, haya," akasema akicheka. "Siri ni yako, mashine ni yangu."

Akakata umbo, akaanza kukunja. Mkunjo wa kwanza ulipoinuka nilibana mikono ili nisipige makofi. Wa pili, wa tatu, bati linatii, kiti kinajitokeza mbele ya macho yangu na mimi peke yangu ndiye ninayejua ni kiti. Furaha ilinijaa mpaka nikaanza kuimba puani. Kisha ukaja mkunjo wa mwisho, ule unaorudisha chini ya kikalio mpaka kukutana na mgongo. Hajji akavuta mpini, bati likazunguka boriti ya juu ya mashine, likajifunga lenyewe. Kiti kilikuwa kimekamilika, kizuri ajabu, na mashine imepita katikati yake.

Tulivuta. Tulisukuma. Tukajaribu kukitelezesha kando, nguzo za mashine zikakizuia huku na huku. Mafundi wengine wakaacha kazi zao wakaja kuvuta nao. Hajji alirudi nyuma, akashika kiuno, akatazama.

"Banange!" akapaza sauti. "Nyabo, wewe umevalisha mashine yangu gomesi!"

Gomesi ni lile gauni kubwa la wanawake wa Uganda. Karakana nzima ilicheka, na mimi nililia. Sikulia kwa siri, nililia kwa sauti, makamasi na yote. Hakukuwa na njia nyingine ila kukikata, na cheche zilipokuwa zinaruka niligeuza uso. Vipande vilipoanguka, Hajji akavisogeza kwa mguu, akavuta kopo la rangi akakaa mbele yangu.

"Sasa sema. Hii ilikuwa nini?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaishika, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Hii ulinunua wapi?"

"Sikununua. Nimechora."

"Hapana. Hii ni picha."

"Nimeichora, Hajji. Haipo popote."

Akanitazama, akaitazama tena picha. "Nyabo, kama wewe ilinionyesha hii asubuhi, mimi naona mara moja. Nakwambia, hii mkunjo tuanze huku, hii ya nyuma tuache wazi, tutafunga na ribiti, hizi pini za kugonga, nje ya mashine. Lakini wewe nanipa mistari. Mimi nafuata mistari. Unaogopa mimi naiba?"

"Sikuogopa hilo. Niliogopa nikisema itaharibika."

Hajji akaviangalia vile vipande sakafuni, kwa upole kabisa. "Nyabo," akasema, "imeharibika."

Nikacheka huku machozi bado yananitoka, ningefanya nini? Na hapo, mwanangu, ndipo karakana ilipopata wazimu. Simu yangu ikapita mkono kwa mkono. Mmoja anasema mgongo ulale zaidi, mwingine anabisha. Hajji amepiga magoti anachora kwa chaki sakafuni, anakunja kipande cha boksi, anakikunjua, anakunja tena kwa mpangilio mwingine, anapiga kelele, "Iko! Iko inatoka!" Sikuwahi kuwaza kwamba wanaume wazima wanaweza kugombana hivyo kwa ajili ya kiti cha mama mmoja wa kwaya. Tukakubaliana nirudi na mchoro mpya. Hajji akaniomba nimtumie ile picha ili aendelee kuifikiria, nami nikamtumia.

Naye, kwa kujivunia, akamtumia mkewe. Hajjati akawatumia wateja wake wa vitenge. Na wateja wake wa vitenge ni nani? Ni kwaya yetu yote!

Mimi nilikuwa njiani sijui lolote. Gari liliposimama Kaberebere, mama mmoja wa mtaa wetu akapanda, akaniona, akanisogezea simu mpaka puani. "Mapendo! Ulisha kuona kiti ya Tantine Zawadi? Kiko ku mulango yake! Batu bote banaenda kukiangalia." Nikatamani gari lisifike, na lilivyo na hila likaenda mbio kuliko siku zote.

Waliokuwepo walinisimulia baadaye. Wanawake wa kwaya walifika wakipiga hodi, wanataka kuona kiti. Tantine akajibu kutoka ndani kwamba hana kiti, wamekosea nyumba. Wakaingia wakamwonyesha simu. Akaona mlango wake. Akaona beseni lake. Akaona kitenge chake cha njano, ambacho wakati huo kilikuwa kimekunjwa ndani ya sanduku. Na yeye, ambaye miezi yote ile tulikuwa tunambembeleza atoke hata kuota jua, akachukua fimbo, akatoka mwenyewe kwenda kutazama kando ya mlango wake. Akakuta beseni tu.

Nilipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Wote wakauliza kwa pamoja kiti kiko fasi gani, mahali gani. Nikasimama mikono mitupu nikasema ukweli: ile si picha ya kiti, ni mchoro wangu; nimejaribu kukitengeneza leo na kimekatwa vipande. Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Munaona? Njo maana batu banafichaka mambo." Tantine akagonga fimbo chini, kelele zikaisha.

"Hii kiti uliichora lini?" akaniuliza.

"Kabla ya mvua, Tantine."

"Kabla ya mvua." Alilirudia neno hilo polepole. "Mvua yote ile nilikaa mu hii nyumba, nawaza miye nimeisha, hakuna mutu anawaza tena fasi yangu mu kwaya. Kumbe weye ulishaka kunichorea fasi, na unanificha! Mapendo, uliniibia furaha."

"Niliogopa isipowezekana utaumia."

"Ningeumia, ndiyo. Ningeumia na weye pembeni yangu. Sasa niliumia peke yangu."

Mwanangu, nimewahi kukaripiwa na watu wengi, maana nilikuwa mkaidi, lakini hakuna karipio lililoniingia namna ile. Niliona aibu, na papo hapo nikafurahi kupita kiasi, kwa sababu alikuwa amesimama nje, juani, amekasirika. Mtu aliyekata tamaa hakasiriki hivyo.

Kisha akawageukia wanakwaya. "Pasaka nitaanzisha wimbo. Mwambieni kila mutu."

"Tantine, usiseme hivyo bado!" nikapiga kelele.

"Nasema! Na weye leta hiyo kompyuta yako hapa, batu baione."

Nikaileta. Nikaiweka juu ya beseni lililopinduliwa, na nikachora mbele ya uwanja mzima. Jambo hilo lilinitia hofu kuliko mashine ya Hajji, lakini baada ya muda mfupi hofu ilikwisha kwa sababu sikupata nafasi ya kuogopa. Fundi cherehani wa kwaya aliinama, akapitisha kidole kwenye kioo. "Hii kingo itapasula bitenge byetu. Kunja pindo, sawa robe." Pindo! Nikaukunja ukingo wa bati ndani, kama upindo wa gauni, na nilipofanya hivyo nikaona kikalio kizima kitakakamaa, kiwe imara mara mbili. Jirani mmoja akasema chuma saa sita kitamchoma mama wa watu, nikatoboa matundu mgongoni upepo upite. Tantine akanisogeza kando, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha jirani, akajaribu kuinuka, akakwama, akanionyesha mahali ambapo mkono wake ulitafuta kitu cha kushika na kukosa. Nikaivuta mikono ya kiti mbele mpaka pale. Nikarenda tena, watu wakaingoja picha isafike, na ilipokamilika wanawake wakapiga vigelegele. Wameipigia kompyuta vigelegele! Nilitaka kuwakumbatia wote.

Niliporudi Kakiika nilibeba mchoro na picha pia, nikaibandika picha ukutani mbele ya mashine, kila mtu aione anapofanya kazi. Hajji alikunja pindo kwanza. Kila mkunjo aliuzidisha kidogo, kwa sababu chuma ni kibishi, ukikiachia kinarudi nyuma. Mkunjo wa nyuma aliuacha wazi. Tulikitoa kwenye mashine kwa urahisi wa kutoa mkate tanuruni, tukakifunga kwa ribiti pale nje. Hajji akasema hakitoki karakanani kabla hajakikalia yeye. Akakaa, akatikisika, akaruka kidogo. Kiti hakikulia hata mlio mmoja. "Kama imebeba mimi," akasema, "itabeba kanisa."

Sasa ndiyo hiyo Pasaka. Kiti kilikuwa kimepakwa rangi ya njano, kimewekwa mbele, mwisho wa mstari wa kwaya. Tantine aliingia kwa fimbo, akakaa, akaegemea, akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Kambi nzima ilikuwa imeambiwa. Kama angekwama mbele ya watu wote wale asingetoka nyumbani tena, nalijua hilo na yeye alilijua. Mchungaji akaitaja kwaya. Wanawake wawili wa pembeni wakajiandaa kumshika kwa mazoea. Tantine akatikisa kichwa. Akaiweka fimbo chini. Akaweka viganja kwenye mikono ya kiti, pale alipoonyesha, akasukuma, na akasimama.

Hakusubiri hata watu washangilie. Akatoa sauti ya kwanza, na kwaya ikamfuata. Aliimba akiwa amesimama, mkono mmoja umegusa mgongo wa kiti, tangu wimbo ulipoanza mpaka ulipokwisha. Kiti kilikuwa kitupu muda wote huo, na sijawahi kuona kazi yangu ikitumika vizuri kuliko pale.

Basi nasaha yangu ni hii, na nitaisema waziwazi ili usije ukasema nilikufumbia. Mchoro wako uonyeshe mapema. Mwonyeshe atakayekukunjia bati, maana anaijua mashine yake na mistari mitupu haimwambii kitu. Mwonyeshe hata jirani asiyeijua kazi, kwa sababu nguo yake ndiyo itakayopita kwenye ule ukingo. Ile picha uliyoirenda ikapendeza si ya kufungia ndani ya simu. Kosa likionekana kwenye picha unalifuta kwa kidole, likionekana kwenye chuma utalikata kwa cheche na machozi. Sikuambii umwage kila jambo la nyumbani kwenye foleni ya maji. Mambo ya faili lako yabaki yako, na siri ya mtu mwingine si yako kuigawa. Lakini tumaini ulilomtengenezea mtu, hilo ni lake tangu siku ulipolichora. Ukimnyima kwa kuogopa lisipotimia, unamwacha akae gizani kwa ajili ya amani ya moyo wako wewe. Mwambie. Likikwama, mtakuwa wawili wa kulikwamua.

Na usione haya kusisimka. Watakaokucheka kwa kurukaruka mbele ya kioo, nao watakuja kukaa.

Haya, inuka uende kazini. Mungu akujalie macho ya kukiona kitu kabla hakijawa, na mikono ya kukifikisha. Akuzungushie watu wenye midomo mikali na mioyo myeupe. Chuma kikubishie kidogo tu, kisha kikutii. Na kila unayemchorea fasi, mwanangu, ajue mapema kwamba anayo.